Mbwa Kwenye Mwanya wa Dada

Siku ua wangu ulipokamilika nilifanya jambo ambalo hata kuku wangu wangelifikiria kwanza. Nilitoka nje ya geti, nikazunguka mpaka nyuma ya boma, nikachuchumaa mahali ambapo zamani palikuwa na mwanya, nikamwita mbwa kwa kupiga ulimi ili nione kama waya umeshika. Alikuwa bado mdogo, masikio yamemzidi kichwa. Alikuja mbio, akanusa chini ya waya, akachimba kidogo, akajibana kama bahasha inayosukumwa chini ya mlango, akatokea upande wangu amejaa vumbi na furaha. Nami, kwa kuwa video za kwenye simu zilisema mbwa akija akiitwa ni lazima atuzwe, nilimpa kiganja kizima cha omena, dagaa wa ziwani.

Yaani nilikuwa nimeita mafundi, nimesimamisha nguzo, nimevuta waya kuzunguka boma lote ili mbwa asifike barabarani, kisha mimi mwenyewe nikamfundisha njia ya kutoka. Na nikamlipa kwa kuijua.

Barabara yenyewe si ya mchezo. Ukitoka kwetu kwa upande ule wa nyuma unapita katikati ya mihogo ya jirani na unatokea kwenye lami inayoteremka Malaba. Matrela yanayongoja kuvuka kwenda Uganda hupanga foleni hapo. Yakiwa yamesimama hayana neno, hata mbuzi hulala kwenye vivuli vyake. Hatari ni foleni inapoanza kusonga. Dereva aliyeshinda akiokwa na jua ndani ya kichwa cha trela haangalii chini kuona nani amekatiza.

Nyumba hii ni ya wazazi wetu, na mwishoni tulibaki wawili, dada yangu mkubwa na mimi. Yeye alikuwa mtu wa njia, mimi mtu wa nyumba. Asubuhi alivuka mpaka kwa njia za panya pamoja na akina mama wenzake, akarudi na ndizi au mayai au chochote ambacho upande wa pili kilikuwa rahisi wiki hiyo. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kukaa barazani na cherehani, na sijainuka mpaka leo. Watu walisema kwetu bwana ni dada na mke ni mimi. Sikubishana nao. Chai yangu ilikuwa nzuri na walikuwa wakiinywa.

Wakati huo ua ulikuwa wa michongoma, na ule mwanya ulikuwa mlango wa dada. Alasiri, kabla hujamwona, ulisikia ulimi wake: tko, tko, tko, kama maji yanayodondoka ndani ya mtungi. Hivyo ndivyo alivyomwita mbwa wake, jike mzee mwenye rangi ya ugali wa mtama, naye jike aliruka kama msichana. Dada alitua kikapu, akanijia, akanitoa sindano na uzi mkononi bila kuniuliza. Macho yangu yalianza kuniangusha mapema, na mwanga wa alasiri haunipendi. Alilowesha uzi kwa ulimi, akaupitisha, akanirudishia, akaenda kuosha miguu. Miaka na miaka hivyo. Sidhani kama niliwahi kumwambia asante, maana nani humwambia dada yake asante kwa uzi?

Aliugua, tukampeleka hospitali Busia, akarudi kwenye jeneza. Tukamzika nyuma ya jikoni karibu na migomba. Wageni wa matanga wakiwa bado wanakunywa chai, saa ile aliyozoea kurudi, jike mzee alitoka kwa mwanya akaenda kumpokea njiani. Trela halikusimama. Nilimrudisha nyumbani ndani ya gunia, na nilipokuwa nikimchimbia shimo nilijiambia kwamba boma hili halitanichimbisha lingine. Ndipo nikaamua kung'oa michongoma na kuweka waya.

Hapa nimtaje jirani, mwenye mihogo ile. Ni mama aliyenizidi umri kwa mbali, anauzia madereva uji kwenye kibanda kando ya lami, na mdomo wake hauna breki. Alipoona nguzo zikisimama alikuja kuniambia nisizibe ule mwanya kabla ya ibada ya kumbukumbu. Alisema mtu aliyezoea njia, ukimfungia, hasimami kwingine, atasimama hapo hapo. Nikamwambia ninazuia mbwa, sizuii watu. Akaniangalia kama mtu anayeangalia uji ulioungua.

Nilikuwa na hasira naye kwa jambo lingine. Siku ya mazishi, mbele ya watu, alikuwa ameuliza mimi sasa nitakula nini, nitashona ugali? Watu walicheka, na ubaya zaidi, mimi pia nilicheka. Kwa hiyo nilipoletewa mtoto wa mbwa kutoka Amagoro nilifanya wanavyofanya watu wa kwetu wanapokuwa na neno moyoni na hawana kifua cha kulisema. Nilimpa mbwa jina la kumfikishia jirani ujumbe. Kwetu mbwa huyasema hayo kila siku na hakuna mzee wa kijiji anayeweza kuyapelekea kesi. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Jirani anasoma.

Siku ya kwanza niliita jina hilo kwa kifua chote, nikiwa nimesimama karibu na mpaka wa boma lake. Upande wa pili alikuwa akisugua sufuria. Nilisikia kusugua kukisimama. Kisha kukaanza tena, polepole. Jioni aliniletea bakuli la uji wa wimbi, akaliweka kwenye meza ya cherehani, akaondoka. Tangu siku hiyo jina lilinikwama kooni kama mfupa wa samaki.

Sasa mbwa utamfundishaje bila jina? Nilitafuta sauti nyingine, na mdomo ukanipa ile uliyokuwa nayo. Tko, tko, tko. Nilishtuka kidogo kuisikia ikitoka kwangu, lakini mbwa aligeuza kichwa na kuja, nami nikasema basi, kazi ni kazi.

Watu wengi hapa hufunga mbwa mnyororo mchana na kumwachilia usiku. Mimi sikutaka mnyororo. Nilitaka mbwa aliye huru ndani ya ua, anayejua mwenyewe mwisho wake uko wapi. Tulizunguka waya kila asubuhi, kamba ndefu ikiburuta nyuma yake, na alipokaribia kuchimba niliikanyaga. Nilimfundisha kungoja geti likiwa wazi, kitu ambacho wageni wangu wengine hawajakiweza. Nilimfundisha kupita kati ya vifaranga kama mchungaji wa kanisa anayepita kati ya walevi. Zaidi ya yote nilimfundisha kwamba akisikia ulimi, akimbie, akae chini, na aniangalie usoni mpaka nimruhusu. Vijana wa boda boda walisimamisha pikipiki kutazama. Mmoja akaniuliza, "Boss, huyo atafanya mtihani lini?"

Akafunzika vizuri. Ndipo mambo yakaanza.

Alasiri moja nilikuwa barazani nikipinda sketi ya shule, napigana na sindano, uzi umekataa kuingia. Mbwa alikuwa amelala miguuni pangu. Mara akainua kichwa. Hakubweka. Akaondoka mbio, mbio ile ya furaha, moja kwa moja mpaka kwenye waya pale penye mwanya wa zamani, akaketi chini vizuri jinsi nilivyomfundisha, mkia ukifagia vumbi. Akainua uso. Hakuangalia kimo cha mbuzi wala cha mtoto. Aliangalia kimo cha mwanamke aliyesimama.

Nami sikuwa nimemwita. Ningeweza kula kiapo.

Kisha akageuza kichwa taratibu, kutoka kwenye waya, kupitia uani, mpaka barazani, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho, na macho yake yakaishia kwenye kiti changu. Sindano ilinidondoka. Mbwa huyu hakuwahi kumwona dada. Alizaliwa Amagoro, dada akiwa tayari chini ya migomba.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, nikiwa nimeshika uzi. Na siku iliyofuata, tena. Nilianza kuogopa alasiri jinsi watoto wanavyoogopa choo cha nje. Nilijiambia kama ni mzimu angekaa kaburini kwake, nyuma ya jikoni, si kule. Halafu najijibu kwamba dada hakuwa mtu wa kukaa. Kumtafuta ni kumtafuta njiani. Na njia ni mimi niliyeifunga, tena nilikuwa nimeambiwa.

Haya mengine nayasema kwa aibu. Nilisogeza kiti changu kidogo ili apite. Nilianza kupika chai ya watu wawili na kumimina kikombe cha pili, kisha nakinywa mwenyewe kikiwa kimepoa, nikijifanya nilikuwa na kiu tu. Siku nyingine niliacha sindano na uzi juu ya meza, nikaingia ndani, nikakaa kitandani nikisikiliza. Nilipotoka mbwa alikuwa amelala na uzi haukuwa umetungwa. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia.

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa dada. Ilikuwa kwamba pale alipokuwa akiketi, mbwa alikuwa ameanza kuchimba tena. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba chini ya waya ule kuna njia na mbele yake kuna omena. Nilishindilia mawe. Nikafukia waya mwingine ardhini. Akachimba pembeni. Ningeweza kumfunga mnyororo na mambo yakaisha, lakini nilimwona jinsi anavyoketi pale, amenyanyua uso kwa mtu nisiyemwona, na sikupata moyo wa kumzuia asimpokee. Huo ndio ujinga wangu, na jike mzee alikuwa amekufa kwa kumpokea mtu yule yule.

Kisha ikanyesha, mvua ya kulainisha kila kitu, na mawe yakazama. Alasiri yake mawingu yalikuwa bado yamekaa na mwanga ulikuwa mbaya kabisa. Nilikuwa nikihangaika na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Mbwa akainuka, akakimbia, akafika kwenye waya. Sikumwona akiketi. Nilisikia waya ukilia, na hakuwepo.

Nilikimbia. Mtu ambaye hajakimbia tangu shule hukimbia vibaya, na mimi nilikimbia na sketi ya mtoto wa watu mkononi. Nilipotokea kwenye mihogo nilisikia injini zikiunguruma moja baada ya nyingine. Foleni ilikuwa inaanza kusonga. Mbwa alikuwa katikati ya lami, akiangalia huku na huku, akimtafuta aliyemwita. Nilipiga ulimi. Tko, tko. Nani angesikia, kati ya matrela? Nikafungua mdomo niite jina lake na halikutoka. Koo lilikuwa limezoea kulimeza.

Ndipo jina likaitwa. Liliitwa kutoka kwenye kibanda cha uji, kwa sauti ya mama anayeita watu wazima kula, mbele ya madereva wote: lile tusi nililomtungia, neno kwa neno. Mbwa akageuka kana kwamba amelijua maisha yake yote. Akakimbia, trela likapita alipokuwa amesimama, na alipofika kibandani akaketi mbele ya jirani yangu, akainua uso.

Kumbe mama huyo alikuwa akimpa mbwa ukoko wa uji kupitia waya, siku zote nilizokuwa nimeinamisha kichwa kwenye cherehani. Na alikuwa akimwita kwa jina, taratibu, ili nisisikie.

Alimfunga leso shingoni na kumleta nyumbani mwenyewe, mimi nikifuata nyuma kama mkosaji. Alifika barazani, akaona vikombe viwili vya chai, kimoja kimejaa. Akaona kiti kilichosogezwa. Hakuketi. Nilianza kumweleza, nikamwambia alisema kweli kuhusu mwanya, kwamba dada hupita hapo kila alasiri, kwamba mbwa humwona. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akaichukua sindano kutoka kwenye meza, akaitazama kwa mbali, akairudisha.

"Hakuna mtu hapo, kijana," akasema. "Ni wewe. Mimi niko hapo kwa mihogo kila siku nasikia. Ukishindwa na uzi unapiga ulimi vile marehemu alikuwa anapiga, na wewe mwenyewe hujui, halafu mbwa anakimbilia pale kwa waya ulipomwita ukampa omena siku ile. Mwite kwa jina lake, si najua ni mimi ulikuwa unatukana. Na ununue miwani. Dada yako harudi kukutungia uzi."