Mahindi ya Mama Kwenye Karatasi ya Ijumaa

Mkufunzi wetu wa saikolojia alitaka karatasi kila Ijumaa. Ukurasa mmoja tu: juu ueleze ulichosoma kitabuni, chini ueleze ulichokiona kwa macho yako wiki hiyo, na viwili hivyo viungane. Tulikuwa tunasomea ualimu wa shule ya msingi mjini Sumbawanga, na wengi wetu tuliamini kwamba wiki nzima hatukuwa tumeona kitu. Karatasi yangu ya kwanza ilirudi na maneno mekundu: "Kitabu nimeshakisoma. Wewe uliona nini?"

Wiki iliyofuata tulisoma habari za watoto na vipimo. Kitabu kilisema kwamba ukiyahamisha maji kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba, mtoto mdogo atadhani yameongezeka. Akikua, anatambua kwamba ni yale yale. Siku ya pili yake nilikwenda kwa mama mdogo, nikamjaribu binti yake wa miaka mitano. Alijibu kama kitabu kilivyotaka. Nilifurahi, nikamjaribu na mama yangu, aliyekuwa amefikia hapo kutoka kijijini kwetu Kate na gunia la mahindi ya kuuza.

"Mama, maji yameongezeka au ni yale yale?"

Aliitazama glasi, akanitazama na mimi. "Anayepima ni nani?"

"Ni mimi."

"Unampimia nani?"

"Chuo."

"Basi siwezi kujua," alisema, akayanywa.

Niliandika kwamba mtu mzima mmoja wa kijijini, aliyeishia darasa la nne, alikuwa bado hajaifikia hatua hiyo. Niliiona sentensi ya kisomi sana. Jumatatu asubuhi mkufunzi akaniita ofisini.

"Huyu mtu mzima ni nani?"

"Ni mama yangu, mwalimu."

"Ulimuuliza kwa nini alijibu hivyo?"

"Hapana."

"Kamuulize."

Nilitoka nje. Upepo ulikuwa wa baridi kama kawaida yake, lakini masikio yangu yalikuwa ya moto.

Mchana nilimkuta mama sokoni, bado akingoja mnunuzi. Miaka ile ununuzi wa mahindi ulikuwa umeachiwa wafanyabiashara binafsi, na ghala la ushirika, lililokuwa na mizani, lilikuwa limefungwa. Mnunuzi alikuja na lori lake na debe lake, debe lililogongwa kwa ndani mpaka likaota kitambi. Kila alipolijaza alilitikisa, akashindilia kwa kiganja, kisha akaongeza kilele. Mahindi ambayo nyumbani yalikuwa madebe sita yakawa matano, na la tano halikujaa.

"Yamepungua, mama," mnunuzi alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani.

"Naona," mama alijibu. Lori lilikuwa moja, na kurudi Kate na mahindi ni kuyalipia nauli mara ya pili. Akauza.

Tuliposogea pembeni nikamuuliza swali la mkufunzi.

"Mwanangu, mahindi ni yale yale," alisema. "Nani asiyejua? Ndiyo maana nilikuuliza anayepima ni nani."

Jioni ile niliandika karatasi upya. Sentensi ya kisomi niliikata, nikaeleza debe na kitambi chake, na nikaandika kwamba mtu mzima huyo alikuwa ameelewa kitabu, na zaidi. Mkufunzi aliisoma mbele ya darasa bila kumtaja mtu, akanipa alama ambayo sikuipata tena mwaka ule.

Mama alipokuja tena mjini nilimsomea karatasi yote, mahali pengine nikimtafsiria kwa Kifipa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya kanga.

"Hujasema kama yalikuwa makavu," alisema.

"Haikuwa lazima, mama."

"Ni lazima. Watadhani nilileta mahindi mabichi mjini."

Nikatoa kalamu, nikaongeza neno hilo juu ya mstari, ingawa alama zilikuwa zimeshatolewa.