Nilivyoisawazisha Pombe ya Mwalimu

Mimi, Baba Agnesi, ni mfagizi wa shule moja ya misheni hapa Masasi, Mmakonde wa Newala, na masomo yangu yaliishia darasa la pili. Tangu nimzike mke wangu nilikuwa siongei sana.

Siku ile mkaguzi alikuwa anakuja kuamua kama Mwalimu Hilari anafaa kufundisha sayansi madarasa ya juu. Mwalimu alikuwa ameunda mfano wa jinsi chembe za pombe zinavyoungana, kwa vijiti na gololi za mti: nyeusi mbili, nyekundu moja, nyeupe sita. Nilipofuta vumbi, mfano ukaanguka na kuachana.

Nikauunga. Nilikumbuka kwamba nyekundu ilikuwa pembeni, ila jicho langu la mchonga vinyago halivumilii kitu kilichoelemea upande. Nikaiweka katikati ya zile nyeusi, nyeupe tatu huku, tatu huku. Haikubaki hata gololi moja. Nikapiga mluzi, mara ya kwanza tangu msiba. Mkaguzi akaingia wanafunzi walipokwisha kukaa, nami nikifagia mlangoni.

"Hii ni pombe," Mwalimu akamwambia mkaguzi bila kuitazama.

"Pombe gani? Chembe ni zile zile, lakini zikiungana hivi ni gesi. Hainyweki!"

Mwalimu akageuka kuutazama mfano. Nikaweka ufagio chini.

"Shikamoo, bwana. Mwalimu aliiunda sawa. Mimi nimeiangusha, nikaipanga ipendeze."

Mkaguzi akamwambia Mwalimu airekebishe. Akairudisha nyekundu pembeni, akaipa nyeupe moja, na madarasa ya juu akapewa palepale.

"Baba Agnesi," akasema mbele ya darasa zima, "kumbe pombe yetu umeimwaga wewe!"