Tulivyomtafutia Baba Kumbukumbu

Baba alipoanza kusahau, alianza na majina yetu sisi watoto. Mama hakushtuka sana; alisema hata zamani alikuwa akituita kwa kubahatisha. Kisha akamsahau mama mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na utafiti wangu ulihusu mimea. Ubongoni kuna kemikali inayopeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine, na kuna kimeng'enya kinachoivunja. Kwa mgonjwa kama baba, kemikali hiyo huwa imepungua. Kimeng'enya kikizuiwa, ile kidogo iliyobaki hudumu zaidi. Nilikuwa natafuta mizizi na majani yanayoweza kukizuia. Mada hiyo niliichagua kabla baba hajaugua, lakini nyumbani Kilole, pale Korogwe, hakuna aliyeniamini.

Likizo moja nilikwenda Handeni kuchimba mizizi ya kichaka ambayo Wazigua humchemshia mtu aliyechanganyikiwa. Mama, ambaye kwao ni huko, alikuja kunionyesha. Baba hakukubali kubaki. Miaka mingi aliendesha matrekta kwenye mashamba ya mkonge Mazinde, na hadi leo akisikia gari linawashwa, anawahi kiti cha mbele.

Njiani, mimi nikiwa kwenye usukani, akaniinamia. "Binti, huyo mama wa nyuma ameolewa?"

"Muulize mwenyewe, baba."

Akaweka kofia yake sawa, akageuka. "Samahani, mama. Una mume?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Amesafiri kidogo."

Baba akatafakari mpaka tukamaliza kijiji kizima. "Basi akichelewa, mimi nipo."

Mama akajifunika uso kwa khanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka, ingawa alipoufunua macho yalikuwa yamelowa.

Maabarani, mizizi ile ilikipunguza kasi kimeng'enya. Nilimpigia mama kabla hata ya kumwambia msimamizi wangu.

"Basi ngoja nichemshe," akasema. "Nilibakiza kidogo."

"Usichemshe, mama! Imefanya kazi kwenye kichupa tu. Hatujui ina sumu gani nyingine, na kimeng'enya kikizuiwa kupita kiasi, moyo wake unaweza kupiga polepole mno."

"Sasa mwanangu, unachosomea kinamsaidia nani?"

Nilimwambia tu kwamba hospitalini kuna vidonge vinavyofanya kazi kwa njia hiyohiyo, tena kimojawapo kilitokana na ua la nchi za baridi.

"Kumbe na Wazungu wanachimba," akasema, na sauti yake ikachangamka.

Nikarudi Korogwe, tukampeleka baba hospitali. Daktari alimpima moyo, akamwandikia vidonge vya kundi hilo, na akatueleza wazi kwamba havitamponya. Mwanzoni baba alitapika, ikabidi dozi ipunguzwe. Mama alikuwa akimpa kidonge baada ya chakula cha jioni, huku akimsimulia habari za soko kama vile anamsimulia mgeni aliyempenda.

Siku moja akanipigia mchana, nikiwa nimesharudi maabarani, katikati ya kazi, akiwa na furaha nyingi.

"Baba yako leo kanigombeza!"

"Kakugombeza nini?"

"Kaonja kisamvu, kasukuma sahani, kaniita kwa jina langu, kasema hakina chumvi."

"Na kilikuwa nayo?"

"Hata," akasema mama. "Nilisahau kutia."