Bibi wa mke wangu, afande wa Kanombe, na posa yangu iliyotaka kuota mbawa

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, na mke wangu amekaa hapa pembeni kuhakikisha siongezi chumvi.

Juzi kati tumemzika bibi yake, hapa Kigali. Msibani kila aliyeshika maiki alisema marehemu alikuwa mpole, mvumilivu, mtu wa sala. Sala ni kweli. Kwenye hayo mengine nilibaki naangalia viatu vyangu nisije nikacheka mbele ya padri.

Bibi alikulia Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili alikuwa nacho, tena cha kwake mwenyewe. Aliolewa na sajenti, wakaishi Kanombe, penye kambi ya jeshi hapa Kigali. Mume ndiye aliyekuwa na cheo, lakini mtaa mzima aliyeitwa afande ni mke. Mzee mwenyewe, Mungu amrehemu, akitaka kutoka jioni alikuwa anaomba ruhusa.

Na msimcheke. Mzee alikuwa anapelekwa kazi za mbali, haulizwi, na harudi leo wala kesho. Katika watoto wote wa bibi, ni mmoja tu aliyezaliwa baba yake akiwepo. Wake wa wanajeshi pale wakiona gari wasilolijua limesimama nje, kila mmoja anashika kifua. Bibi alikuwa anawazungukia na sufuria la maharage, anawatania mpaka wanakula. Halafu anarudi kwake kukagua vitanda vya watoto wake, ambao aliwaita kuruta.

Mimi ni mtu wa Karagwe, Tanzania, nauza spea za pikipiki Nyabugogo. Siku ya kwanza Josiane, huyu mke wangu, kunipeleka kwao, nilijua naenda kunywa chai. Bibi akanionyesha kitanda.

"Tandika."

Nikatandika. Akavuta shuka lote, akalitupa chini.

"Weye iko unatandika kama mutu anakimbia polisi. Anza tena."

Wakuu, nilitandika mpaka jasho. Josiane yuko mlangoni anacheka, hanisaidii. Hiyo ndiyo interview niliyofanya.

Basi nikapita, ikafika siku ya gusaba, yaani posa ya Kinyarwanda. Kwa wasiojua: huku posa ni mchezo wa maneno. Kila upande una msemaji wake, mzee mwenye mdomo. Upande wa binti ni lazima ukatae kwanza. Watasema binti hawamjui, au kaenda utawani, au babu yenu aliwahi kuwakosea. Nyie mnajibu kwa utani mpaka wacheke, ndipo mnapewa mke.

Nikamwomba baba mdogo, kiongozi wa ujumbe wetu, tutafute msemaji mzoefu. Akafoka: "Mimi niko hai, halafu niongelewe na mtu baki?"

Nikamweleza basi kwamba watatukataa kwa utani tu, asijali. Akasema ameelewa.

Hakuwa ameelewa.

Tumekaa chini ya turubai, suti zimenyooka. Msemaji wao, mjomba wa Josiane, akaanza taratibu. Binti hawamjui. Baba mdogo akavumilia. Binti kaenda utawani. Akavumilia, ila mguu umeanza kutikisika. Ndipo mjomba akasema:

"Na tena nyinyi tunawajua. Baba yenu aliiba ng'ombe yetu, ile ya pembe ndefu. Leo mumekuja kuomba mutoto, ama mumekuja kuiba ingine?"

Jamani. Baba mdogo ni mfugaji. Mwite mlevi, mtaelewana. Lakini marehemu baba yake kuitwa mwizi wa ng'ombe, hapana. Akasimama.

"Vijana, bebeni vinywaji vyetu. Tunaondoka."

Upande wa pili wakapiga makofi, wakidhani mzee anaigiza vizuri. Kumbe mwenzao anatembea kweli. Vijana wetu walipoanza kubeba kreti, kicheko kikakata. Nao wakanuna, maana upande wa binti haukimbilii wakwe, ni aibu.

Mimi nimebaki katikati, tai imenikaba, naona mke anaondoka pamoja na soda. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Mara bibi akatoka ndani. Kina mama huwa hawasemi kwenye ile shughuli. Yeye akapita katikati ya wazee, mkononi kikombe cha mti kimejaa maziwa mpaka ukingoni. Akamwahi baba mdogo karibu na geti, akamkabidhi.

Sasa kwa watu wa ng'ombe, huku na kwetu pia, maziwa hayakataliwi, hayamwagwi, na mzee hanywi amesimama. Baba mdogo akaangalia geti, akaangalia kikombe. Akitembea yatamwagika. Akakaa kwenye kreti.

Nilikuwa nimeshamkimbilia, nikamsikia bibi akimnong'oneza: "Muzee, sisi hapa tunadanganya tangu asubuhi. Danganya na weye rero, basi!"

Baba mdogo akanywa polepole mpaka mwisho. Akafuta sharubu. Akarudi kwenye turubai na kumkabili mjomba.

"Ni kweli baba yangu alikuwa na ng'ombe wenu. Lakini hakumwiba. Alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akalalamika kwamba kwenu anapewa mahubiri badala ya majani. Kwetu amezaa mpaka hatuna pa kulala. Tumekuja kuwarudishia. Sasa mkitunyima binti, nani atatuonyesha njia ya kuwaleta?"

Watu walicheka mpaka mjomba akavua miwani. Josiane akaletwa.

Miaka ikapita. Mwaka huu bibi akiwa hoi, nilimpelekea uji, akaniambia kwa raha kabisa kwamba lile neno la ng'ombe yeye ndiye alimfundisha mjomba. Alishasikia baba mdogo ana hasira.

Nikaruka. "Bibi! Ungenikosesha mke!"

Akacheka.

"Mukwe, kukasirika kila mutu anakasirika. Mimi nilikaa miaka mingi naangalia mulango. Nilitaka kujua kama watu yenu wakiondoka, wanarudiaka."

Nilimshika mkono tu. Nilimpenda sana yule bibi, na nyumba imepoa bila yeye.

Funzo nililobaki nalo: siku hizi nikigombana na Josiane natoka kupunga upepo, lakini narudi. Hata kama narudi kuendelea na ugomvi.

Haya, mlioposa ugenini, shusheni na yenu hapa. Ila msimtukane baba mdogo, naye yumo humu jukwaani.