Mnyoo Ulizificha Tu, Mimi Ndiye Niliyezitupa Picha za Marehemu

Mimi ndiye niliyepoteza picha zile. Siyo shetani, siyo umeme, kama nilivyomdanganya mke wa marehemu. Mimi! Nakuambia wewe kwa sababu hunijui na huwezi kunitemea mate usoni.

Nilikuwa nauza kwenye steshenari ya bosi mmoja hapa Tunduma, karibu na mpaka. Nimeishia kidato cha nne, kompyuta nilijifunzia palepale kwa kubofyabofya. Hapa kwetu flashi ni kitu cha kuringia, mawakala wa forodha wanazivaa shingoni. Nitolee hiki, niwekee nyimbo, nichapie barua. Siku nzima zinaingia na kutoka kwenye mashine ileile.

Mwanangu nilimlea chini ya meza. Akilia, wateja wananikodolea macho. Nikavuka mpaka upande wa Zambia, Nakonde, nikanunua flashi ya katuni. Muuzaji akaniita mayo, yaani mama kwa kwao, akanichekea: "Chukua mayo, atanyamaza mpaka akusahau mama yake!"

Nilipoichomeka, antivairasi ikaja juu na maandishi mekundu, inataka kuzifuta katuni zangu. Nikaizima. Nikaizima, ndugu yangu! Mtoto akanyamaza, nikajiona mjanja.

Haikupita wiki, akaja jirani yangu, nimwite Eliza. Mumewe alifukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu kule Galula, na simu yake ikapotea hukohuko. Picha zake zote zilibaki kwenye flashi moja. Eliza alikuwa na tumbo kubwa. Alitaka picha moja kubwa ya siku ya kujengea kaburi.

"Shoga, toa ile anayocheka," akaniambia. "Na usiniharibie zingine. Huyu wa tumboni hana pengine pa kumwona baba yake."

Akaniachia, akaenda kliniki.

Nikaichomeka. Folda la picha lilikuwepo, ila lina kamshale kadogo pembeni. Nikabofya, picha zikafunguka kama kawaida. Sikujali. Printa yangu ilikuwa imeishiwa wino wa rangi, nikaipeleka flashi duka la jirani. Kule, mashine ikapiga kelele, folda likagoma kufunguka. Hakuna kitu! Nikakimbilia duka la tatu. Hakuna. La nne. Hakuna! Nakimbia mtoto mgongoni, wala sikuuliza zile kelele zilikuwa za nini.

Nikarudi, nakuta wateja wamejaa mlangoni. Wakala mmoja ananirushia flashi yake: "We dada, umenitia nini? Makaratasi ya gari langu yamegeuka mishale, dereva yuko foleni ananitukana!"

Muuza chipsi wa pembeni naye hakuniacha: "Huo ni uchawi, chuma ulete ya kompyuta! Imemaliza mafaili, kesho itakula droo ya hela!" Watu wakacheka. Bosi alikuwa njiani anakuja.

Nikajiambia, flashi ya Eliza ndiyo imeleta balaa, bosi akiikuta nimekwisha. Nikaifomati. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika, nikabofya ndiyo. Bado nikaogopa bosi ataiona! Nikaenda nyuma, nikaitumbukiza chooni.

Eliza aliporudi nikamwambia umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, flashi ikaungua. Hakunifokea. Alikaa chini kwenye ngazi, akashika tumbo. Heri angenipiga!

Bosi akamleta fundi kutoka Mlowo, dada mmoja hacheki na mtu. Akachomoa waya wa intaneti, akaweka antivairasi mpya aliyokuja nayo kwenye CD, akaiacha ichimbe mashine nzima. Kisha akachukua flashi ya yule wakala, akaandika amri fupi kwenye kidirisha cheusi. Mafolda yote yakarudi! Yote!

"Huu ni mnyoo," akasema. "Hauli mafaili, unayaficha. Unaweka mshale wenye jina la folda lako. Ukibofya, unakufungulia picha usishtuke, huku wenyewe unaingia kwenye mashine. Flashi yoyote ikija, unairukia. Duka lenye antivairasi likiua mnyoo, mshale unabaki mtupu, mtu anadhani mali imepotea. Kumbe imo."

Nikauliza kwa sauti ndogo: "Na mtu akiwa amefomati?"

"Kama hajaweka kitu kingine juu yake, nyingi nazirudisha. Nipe. Iko wapi?"

Iko wapi! Nikageuka, nikaangalia mlango wa kwenda chooni.

Kazi bosi alinifukuza, hilo silii. Ninachoogopa ni mlango wa Eliza. Alijifungua mtoto wa kiume, anatembea sasa. Juzi amenisimamisha bombani, akamgeuza mtoto uso: "Shoga, wewe ulimjua baba yake vizuri. Mimi sura inaanza kunitoka. Huyu kachukua wapi, macho au mdomo?"

Nikasema macho. Nilisema tu, niondoke! Nimejifungia ndani kama mwizi.

Wewe unayeshika kompyuta za watu, nisikilize. Antivairasi ikipiga kelele, usiizime kwa ajili ya katuni wala nyimbo. Ukiona folda limeota mshale, usibofye, na usizunguke na flashi duka hadi duka, utaambukiza mtaa mzima. Mashine isafishwe kwanza, ndipo flashi zote zilizopita hapo, moja moja. Ukisafisha flashi ukairudisha kwenye mashine chafu, umefanya kazi bure. Usifomati kitu cha mtu, na usitupe!

Na ukiharibu, mwambie mwenye mali saa hiyohiyo, hata kama anakuja na panga. Mimi ningesema ukweli kabla sijatoka nje kwenda kule chooni, yule mtoto leo angekuwa anamjua baba yake.