Disiki za Chumbani

Miaka ya kwanza ya uhuru, kwenye arusi za mtaa wetu wa Buyenzi, mume wangu aliwapigia wanaume disiki za santuri uwanjani: rumba zile zile za redio, miguu ikichoka anabadilisha. Mi niliwapigia wanawake chumbani, mlango umefungwa. Nilitafuta zisizojulikana, nikaacha gitaa liseme mpaka mwisho.

Siku moja wanaume waliacha kucheza, wakajaa kwenye dirisha letu kusikiliza. Mume wangu akagonga.

"Mama watoto, nipe hiyo disiki!"

"Apana! Nitoke niipige mwenyewe."

"Mbele ya wanaume? We una wazimu?"

Mama mkwe akaninyang'anya, akampa dirishani. Ilipolia uwanjani, walimshangilia: "Huyu bwana anajua!"

Aliyejua ni mi, nimefungiwa ndani.