Tulikuwa Uzito wa Gari la Baba

Breki zilizoungua zina harufu yake peke yake. Si mpira, si mafuta, ni kama chuma kilichochomwa pamoja na nywele. Kevo, kijana wa Kakamega anayelinda lango kwenye uwanja wa mbio za magari nje ya Doha, huileta harufu hiyo kwenye shati lake kila msimu wa mbio unapofika huku, anapopita jikoni kwangu Al Mansoura kuchukua chakula. Mwaka huu alipoingia nilikuwa nasonga ugali, nikaacha mwiko umesimama kwenye sufuria. "Shosho, mbona unaninusa kama paka?" akaniuliza, maana vijana wa huku huniita hivyo, bibi yao. Nikamwambia akae mbali na chakula cha watu, ananuka Nakuru. Akacheka mpaka akashika mlango. "Nakuru inanuka ziwa, Shosho. Hii ni gari." Nilimpa sahani yake nikamfukuza. Hajui kitu. Nakuru niliyoijua mimi ilinuka pareto, maua ya dawa ya wadudu, kutoka kiwandani, ikanuka ziwa jua likiwa kali, na kwa msimu mmoja, mmoja tu, ilinuka breki za baba yangu.

Mimi ni mwanamke wa darasa la nne, nalisema hilo kabla hujaliona mwenyewe kwenye maandishi yangu. Nilikuja Doha kufagia nyumba za watu, nikapika kwa watu, na leo watu wanakula kwangu: walinzi, madereva, wauguzi wa zamu, Wakenya kwa Watanzania. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo ninapoeleza habari za baba usidhani natafuta kuhurumiwa. Naeleza kwa sababu Priska, mdogo wangu, ameshafariki, na sasa katika nyumba yetu aliyebaki anayejua jinsi gari lile lilivyokuwa ndani ni mimi.

Baba alikuwa dereva wa lori la mchanga. Gereji iliyotengeneza lori hilo ilikuwa na gari la mashindano, gari la kawaida tu la milango minne, kama lile ambalo mwalimu mkuu angeendea kanisani, ila hili lilikuwa limetolewa viti, mazulia na kila kitu kinachopendeza, likafungwa mabomba ya chuma ndani ili likipinduka lisimponde dereva. Magari ya aina hiyo yalishindana msimu mzima, Nakuru, kisha Nairobi, kisha ng'ambo ya mpaka, na kurudi tena, na kila mbio dereva alikusanya pointi. Waliokuwa wakiyaendesha walikuwa wakilipwa kwa kazi hiyo, walivaa glavu, walikuwa na majina. Dereva wa gereji yetu alivunjika mfupa wa bega wiki chache kabla ya msimu kuanza. Tajiri, yaani mwenye gereji, alimwona baba akirudisha lori nyuma kwenye uchochoro ambao hata mkokoteni ulipita kwa shida. Akamwita, akamweka kwenye lile gari, akamwambia azunguke uwanja. Baba alipotoka, tajiri alisema maneno ambayo yalirudiwa nyumbani kwetu kila siku kama sala. Ukimaliza msimu ukiwa wa kwanza, gari ni lako na mshahara ni wako, lori usiliguse tena. Ukiwa wa pili, tutashukuriana.

Basi ikawa hivyo. Mama hakufurahi. Alikuwa mwanamke asiyependa kitu kisichokuwa na chini, na mbio aliziona kama shimo. Lakini hata yeye baba aliposhinda mbio ya kwanza alitoka nje ya nyumba za reli tulikokaa, akasimama na mikono kiunoni ili majirani waje kumuuliza. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwahi kumwona mama akisubiri kuulizwa kitu.

Sasa sikiliza sheria yao, maana hapa ndipo kila kitu kilipoingia. Katika mbio zile aliyeshinda aliongezewa uzito kwa mbio iliyofuata. Vipande vya risasi, ile inayotoka kwenye betri kuukuu, vilifungwa kwa bolti kwenye sakafu ya gari lake, ili wengine nao wapate kumfikia. Ukishinda tena, unaongezewa tena. Ukishindwa, wanakupunguzia. Wenye mbio waliona hiyo ndiyo haki, isiwe mtu mmoja anaondoka na msimu wote. Na vile vipande walivitunza wenyewe, wakavitoa asubuhi ya mbio tu, gari likapimwa kwenye mizani. Hakuna aliyepewa akafanyie mazoezi nyumbani.

Matajiri wa Nairobi walikuwa na vyuma vyao vya kufanyia mazoezi. Gereji yetu haikuwa navyo. Fundi Okelo, ambaye ndiye aliyelifunga na kulifungua gari lile, alianza na magunia ya mchanga. Gunia la kwanza lilipasuka kwenye kona, mchanga ukaingia chini ya pedali, baba akarudi na uso mweupe kama aliyepakwa unga. Okelo alisimama akijikuna kichwa kwa spana, akatuona mimi na Priska tumekaa kwenye tairi tunakula miwa.

"Elijah," alimwambia baba, "hawa ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi wapakie. Hawa hawapasuki."

Mama aliposikia alisema watoto wake si mawe. Baba alimjibu kwamba mawe hayaambiliki, na mama akaenda kuleta blanketi ili tusikwaruzwe na sakafu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa uzito. Kila Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, tulikwenda kwenye kiwanja cha ndege ndogo ambako hakuna ndege iliyokuwa ikitua siku hiyo. Tuliketi nyuma juu ya blanketi, kila mmoja ameshika bomba lake, na baba aliposhinda tena wakaongezwa watoto wa Okelo wawili, wanono, wakatubana. Kelele ndani ya gari lisilo na zulia ni kitu kingine kabisa. Mawe madogo yalipiga chini ya miguu yetu kama mtu anayekaanga bisi, injini ililia mpaka meno yakawasha, na joto lilipanda kupitia blanketi. Priska alitapika mara ya kwanza. Mara ya pili aliimba.

Baba alitufundisha. Hakutaka tumwagike huku na huku kama viazi. Kila alipokaribia kona alipaza sauti, "Kulia!" na sote tukaegemea kulia, mashavu yetu yakigusa mlango, au "Kushoto!" nasi tukaenda kushoto, watoto wa Okelo wakitulalia. Alituambia gari lilikuwa linamsikiliza zaidi tukifanya hivyo. Baada ya Jumapili kadhaa hakuhitaji tena kusema. Tuliona bega lake likianza kushuka, nasi tukashuka nalo. Sijawahi tena maishani kufanya kitu na watu wengine kwa namna ile, bila neno, wote mara moja. Nimepika harusi za watu mia tatu hapa Doha na wasaidizi ninaowalipa, na haijatokea.

Alishinda, akapata nafasi ya pili, akashinda tena. Watu wa nyumba za reli, ambao zamani walimwita Elijah wa Mchanga, wakaanza kumwita Dereva, kana kwamba zamani alikuwa anafanya kazi nyingine. Ilipofika mbio ya mwisho, iliyokuwa Nakuru kwetu, alikuwa anaongoza kwa pointi chache mbele ya dereva mmoja wa Nairobi. Alitakiwa tu kumaliza katika wale watatu wa mbele. Wa tatu! Mwanamume aliyekuwa amekwisha kushinda mara tatu. Lakini gari lake siku hiyo lilikuwa ndilo zito kuliko yote uwanjani. Niliwaona wakifunga risasi, kipande juu ya kipande, mahali palepale blanketi letu lilipokuwa likitandikwa. Okelo alizikaza bolti kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mama alikuwa amevaa gauni lake la ubatizo.

Tulikaa kwenye nyasi kando ya kona ya mwisho kabla ya mstari wa kumalizia. Mzunguko kwa mzunguko baba alipita akiwa wa pili, na kila alipopita mimi na Priska tulitupa miili yetu upande, pale pale kwenye nyasi, mama akituambia tuache upuuzi watu wanatazama. Kisha, mizunguko michache ikiwa imebaki, aliingia ile kona akiwa na kasi ileile ya Jumapili. Nililiona bega lake kupitia dirisha. Lilishuka. Na gari halikushuka nalo. Mkia ulitoka taratibu, bila kelele kubwa, likateleza likaenda moja kwa moja kwenye mchanga, likasimama limetutazama. Halikugonga kitu. Hakuumia hata kidole. Alijaribu kulitoa, tairi zikachimba, magari yakampita moja baada ya jingine, na alipofanikiwa kurudi barabarani alikuwa wa sita, na wa sita ndivyo alivyomaliza.

Okelo alisema ni breki. Wengine walisema ni tairi, au alitaka sifa. Baba alikwenda kwenye bomba la maji nyuma ya choo cha uwanja, akaweka kichwa chini ya maji kwa muda mrefu. Mimi na Priska tulimfuata tukasimama. Alipoinuka alitutazama, maji yakimtiririka kwenye ndevu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba chumvi, "Nilingoja muegemee." Priska akaanza kulia. Baba akamfuta pua kwa kidole gumba, akamwambia, "Wewe unalia nini? Wewe ulikuwa nje."

Tajiri alitimiza neno lake. Nimetafuta maisha yangu yote namna ya kumchukia mtu yule nikakosa, kwa sababu alisema wa kwanza na wa pili, na yule wa Nairobi alipompita kwa pointi, baba akawa wa pili wa msimu. Alimpa mkono, akamshukuru mbele ya watu. Gari likarudishwa gereji, Okelo akazifungua zile risasi siku hiyohiyo, na mwaka uliofuata dereva mwingine akalipata likiwa jepesi. Baba alirudi kwenye lori la mchanga. Aliliendesha mpaka macho yakamwisha. Hakunywa, hakutupiga, hakusema. Hakutupakia tena kwenye kitu chochote chenye magurudumu. Mama hakusimama tena nje kungoja kuulizwa. Mimi niliacha shule mwaka ule, si kwa hasira, ila kwa sababu ada ilikuwa imehesabiwa kwenye mshahara ambao haukuja.

Nilimsimulia Kevo yote haya juzi, alipomaliza kula. Nilidhani atacheka. Akaniambia, "Shosho, kwani si angejaribu tena msimu uliofuata?" Nikamuuliza, kwa gari la nani? Ana shahada ya kompyuta huyu mtoto, na kazi yake ni kuinua kizuizi magari ya wageni yapite. Aliniambia anangoja nafasi itokee ofisini, ameahidiwa. Ameahidiwa tangu nilipomjua. Nilichukua sahani yake nikaiosha.

Watu hupenda mzee aseme zamani kulikuwa kuzuri. Hakukuwa kuzuri. Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho sisi huku hatuna. Baba angeweza kukushika mkono akakupeleka mpaka kwenye ile kona, akakuonyesha kwa kidole, hapa, na ungeona mchanga. Mimi nimekaa Doha miaka mingi kuliko niliyokaa Nakuru. Nimefanya kila nililotakiwa kufanya, nimejenga, nimesomesha watoto wa Priska ambao hawapigi simu, nimezika watu kwa pesa ya kutuma bila kuwaona. Ukiniuliza ni wapi niliacha barabara, siwezi kukuonyesha. Barabara za huku zimenyooka. Kutoka hapa mpaka Al Wukair unaweza kwenda bila kugeuza mkono.

Kafili wangu, mwenyeji ambaye jina lake ndilo linaloshikilia kibali changu cha kukaa, ameshaniambia hatakiongeza, umri umepita. Alisema kwa adabu, akanipa tende. Nimeanza kugawa masufuria. Nitarudi Nakuru, nyumba ipo, nimeijenga mwenyewe, ina vyumba vinne na umeme. Nitaweka kiti nje. Na hakuna mtu mtaa ule atakayekuja kuniuliza nimekuwa wa ngapi.